Kipande Chako Kilichobaki Ng'ambo

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Nimemaliza kidato cha nne. Nipo Handeni kwa bibi. Tumebaki wawili, na nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia kuku wakitembea uani. Lile uliloniachia nimelitimiza jana tu, Baba. Miezi yote hii nilinyamaza, nikawa nakuandikia tu kwenye daftari hili.

Unakumbuka daktari alivyokuja kitandani kwako? Picha ya kifua ilionyesha weupe mtupu, kama ukungu wa milima ya Lutindi, ndipo wakakukata kinyama cha pafu, kama punje ya harage, wakipime. Akauliza kama kilichobaki kinaweza kupelekwa ng'ambo, kwenye mashine yenye eksirei kali kuliko za hospitali zote. Ukaitikia kwa kichwa. Kisha ukanishika kidole: "Mwambie mama yangu wewe. Mimi pumzi sina."

Mimi, niliyekuwa hata nikijua jibu darasani nainamia dawati.

Bibi unamjua. Akikata kucha anazifukia nyuma ya nyumba. Hata jino ulilong'oa ukiwa kazini kwenye shamba la mkonge la Ngombezi alikuagiza uje nalo. Siku ya mazishi aliwaambia wanawake, "Mwanangu amerudi kwa Mola mzima, hajapungua hata ukucha." Nilikuwa nimesimama pale na sinia la vikombe. Ningesema wakati ule. Nikaenda kuosha vikombe.

Juzi daktari aliniita Korogwe, picha zimekuja. Alinieleza kwamba huko ng'ambo kuna bomba lililozungushwa duara, kubwa hata ukilizunguka kwa miguu unachoka. Elektroni, zile chembe ndogo za umeme, zinakimbizwa humo, na kila zinapokunjwa kona zinatoa mwanga wa eksirei mkali ajabu. Hawakukikata tena kipande chako. Wameona ndani yake, tabaka kwa tabaka, nyembamba kuliko unywele. Niliona vijia vyako vya hewa, Baba, vikigawanyika na kugawanyika, halafu vinafika mahali vimebanwa na makovu. Zile pumzi ulizokuwa ukizitafuta, nimeona zilipokwama.

Daktari akasema kipande bado ni kizima. Kinaweza kubaki huko au kurudi, ndugu waamue. Ndugu ni bibi.

Jana alikuwa akichambua mbaazi. Nikamwekea picha mapajani, nikasema yote macho yangu yakiwa kwenye ungo. Aliendelea kuchambua, nikadhani hakunisikia.

"Wewe mtoto! Miezi yote umemficha mwanangu kwenye daftari?"

Kisha akapitisha kidole polepole kwenye vile vijia. "Ni huku alikokuwa anakoholea?" Nikasema ndiyo. Akalia, nami nikalia, mbaazi zikamwagika.

Baadaye akajifuta kwa khanga. "Waangalie mpaka wamalize. Wakimaliza, kirudi. Na utakwenda kuwaambia mwenyewe, kwa mdomo wako. Usipeleke karatasi."

Leo asubuhi amechimba kishimo ubavuni mwa kaburi lako, akakifunika kwa bakuli la bati mvua isiingie. Nilimshikia jembe.

Jumatatu naenda Korogwe. Nitasema kwa sauti, hata wa nyuma wasikie. Na siku kipande chako kitakaporudi, nitakipokea kwa mikono yangu, nilifunue lile bakuli mimi.

Lala, Baba. Sasa bibi anajua.

Mwanao