Memori Inayovuja Bweyeye

Jumatatu, 4 Machi 2019
Mashine ya Bweyeye, kompyuta ya kituo cha afya, imeganda tena! Mume wangu, Cirhuza, ndiye muuguzi wa kituo kile. Simu hazishiki bondeni. Wana modemu tu kwenye mashine hiyo, na antena juu ya paa. Ndiyo njia yao ya kuita ambulensi. Mashine ikiganda, hakuna wa kuwasikia. Alipanda kilima kunipigia, anahema. "Chérie, ile mashini yako imelala tena." Yangu! Kweli, ni mimi niliyeiweka pale.

Jumanne, 5 Machi
Nilimwagiza asome hesabu za memori kabla haijaganda. Akarudi kilimani, kaziandika kwa kalamu kwenye kiganja. Mpenzi wangu! Programu zote zinakula kiasi kilekile cha jana. Inayonenepa ni kerneli, kiini chenyewe cha mfumo — inachukua memori, hairudishi. Lakini hapa Kamembe nina mashine pacha, kerneli ileile, na ni nzima. Kwa nini?

Alhamisi, 7 Machi
Nikamuuliza: huko kuna nini kisichokuwa hapa? Akacheka. "Mvua na pori. Na bibi yangu haiko." Bibi, yaani mimi mkewe! Halafu akasema mvua ikinyesha rezo, yaani mtandao, inakatika, inarudi, inakatika. Nikaruka! Hapa rezo haikatiki.
Nikatia modemu ndani ya sufuria ya mama mkwe, nikafunika. Rezo ikafa. Nikafunua, ikarudi. Funika, funua, mchana kutwa — na kila mara memori ya kerneli inapanda! Maman Véronique akaingia na kikapu chake cha sambaza, vile visamaki vya ziwani, kutoka Bukavu. "Unapika nini mu sufuria yangu, mutoto?" Nikamwambia naponya mashine ya Cirhuza. Akaketi, akashika kifuniko mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeipata! Ni ile sehemu ya kerneli inayoendesha modemu. Kila ikitafuta rezo inaomba kipande cha memori. Ikikosa rezo, inaondoka bila kukiachilia. Mstari mmoja tu wa msimbo ulisahauliwa. Nimeuongeza. Funika, funua — memori imetulia! Maman kapiga vigelegele. Faili ni zito mno kwa rezo ya Bweyeye, nitalipeleka mwenyewe. Sababu nzuri, sivyo?

Jumapili, 10 Machi
Pikipiki ilikwama matopeni, nikatembea. Cirhuza akanivua viatu, akaniosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, mbele ya wagonjwa! Kerneli mpya imeingia. Mvua imeanza.

Bado Jumapili, mchana
Wamemleta Mukarugwiza kwa machela, kutoka mashamba ya juu. Uchungu umeshika, mtoto amekaa vibaya. Cirhuza anasema lazima hospitali. Nimeandika ujumbe wa ambulensi. Rezo imekatika. Imerudi. Imekatika tena. Memori haijapanda hata kidogo — lakini ujumbe bado!
Umekwenda! Wamejibu: tumetoka, barabara mbaya, tungojeni.
Nimemwita Cirhuza kwa kelele aone jibu. Hata skrini hakutazama. Ananinyooshea glavu. "Acha mashini, chérie. Kuya umushike uyu maman mukono."
Mimi, nije nimshike mkono? Damu naiogopa tangu utoto, naye anajua. Mukarugwiza ananitazama tu, ameuma kitenge chake. Gari halisikiki bado. Naenda —