Mkwe wangu ameniomba nimsindikize kliniki ya uzazi, nami nimeficha karatasi

Mpendwa mshauri Luciana,

Pokea salamu kutoka Kinyangiri, wilaya ya Mkalama. Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, mjane, na gazeti lenu huwa nasomewa na mkwe wangu Yasinta jioni akimaliza kazi, ila barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe tena kwa kujificha, kwa sababu jambo lenyewe linamhusu yeye, naomba sana unisaidie kabla mwezi huu haujaisha.

Yasinta ameolewa na mwanangu wa mwisho, Peniel, huu ni mwaka wa nane, mtoto hawajapata, na mimi mshauri sitakuficha, miaka sita ya mwanzo nilimtesa huyu binti, nilimwita mgumba mbele ya wageni, nilipita kwa wenzangu wa kwaya nikiwaambia mwanangu ameoa hasara, nikamletea dawa za mizizi kutoka kwa mganga, akanywa kwa kuniheshimu mimi, akatapika siku tatu mpaka macho yakaingia ndani, na hata binti mwingine nilishamtafutia Peniel, ni Peniel mwenyewe ndiye aliyekataa.

Sasa mwaka juzi wakati wa kuvuna vitunguu niliteleza kwenye mfereji shambani nikavunjika mguu juu ya goti, nikalala miezi minne, binti zangu wa kuwazaa walikuja siku mbili wakarudi kwa waume zao, siwalaumu, wana watoto wadogo, lakini aliyeniogesha ni Yasinta, aliyenibeba mgongoni kwenda chooni ni Yasinta, aliyefua mashuka niliyoyachafua akayaanika bila kusema neno ni Yasinta, na siku moja nikamuuliza, hivi kwa nini unanifanyia haya na mimi nilivyokutenda, akacheka tu akasema, "Mama, geuka nikusugue mgongo, maji yanapoa." Tangu siku hiyo kila nikiamka namshukuru Mungu kwa ajili yake, na sijamsema vibaya tena kwa mtu yeyote, lakini pia sijawahi kumwomba msamaha, nilinyamaza tu nikaona inatosha.

Basi wamepata miadi kwenye kliniki ya uzazi Dodoma, ndiyo mara yao ya kwanza, na nesi aliwaambia kwa simu waje wote wawili, Yasinta aandike tarehe za siku zake na kila dawa aliyowahi kunywa, wabebe karatasi zozote za matibabu ya zamani, na wakumbuke magonjwa ya utotoni. Yasinta akanunua daftari, kila jioni anakaa chini ya taa anaandika, ana furaha kama mtu anayejiandaa na harusi, na juzi akaniuliza, "Mama, Peniel aliwahi kuugua nini akiwa mdogo?" Nikamjibu malaria, na ile ngiri aliyofanyiwa upasuaji. Akaandika ngiri. Halafu akafunga daftari akaniambia kwa Kinyiramba, maana mambo mazito kwetu hatuyasemi kwa Kiswahili, kwamba anaomba twende wote, kwa kuwa mama yake alishafariki na anataka akitoka kwa daktari amkute mtu wake amekaa pale nje. Nilikwenda jikoni nikalia mpaka ugali ukaungua.

Mshauri, ile haikuwa ngiri. Peniel alizaliwa korodani zake zote mbili hazijashuka, tukachelewa kumpeleka, alifanyiwa upasuaji akiwa na miaka saba, na daktari akatuambia tumrudishe akishakua ili apimwe, kwa sababu anaweza kupata shida ya kuzaa. Hatukumrudisha. Marehemu baba yake alisema mtoto atachekwa, tuseme ni ngiri, na Peniel mwenyewe mpaka leo anajua kovu lile ni la ngiri. Karatasi ya hospitali ninayo, iko chini ya sanduku langu la nguo. Kwa hiyo miaka yote ile ninamwita Yasinta mgumba, mimi nilikuwa najua.

Sasa nimewaza mambo matatu: niichome karatasi nibaki na aibu yangu mpaka nife, au tukifika nimpenyezee daktari kwa siri, au niwaambie. Nikiwaambia naogopa kumpoteza huyu binti ambaye ni zawadi niliyopewa uzeeni bila kustahili. Nisaidie mwanangu.

Mama P., Kinyangiri

*

JIBU

Mama, shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu wewe ni mtu mzima nami nina umri wa binti zako, na kwa sababu baada ya hapa nitakusema.

Ulikosea sana. Umeandika "nilinyamaza tu nikaona inatosha". Haikutosha. Mtu aliyetapishwa na dawa siku tatu kwa ugonjwa ambao hakuna aliyejua kama anao, wakati wewe una karatasi sandukuni, anadaiwa maneno, na maneno hayo yatoke kinywani mwako.

Lakini pia nakupa pole. Ulikuwa mama kijana mwenye mtoto mgonjwa na mume anayeogopa kicheko cha watu. Na hukuichoma hiyo karatasi miaka yote, ingawa ungeweza. Kuna kitu ndani yako kilikuwa kinasubiri kuulizwa.

Kuichoma usiwaze tena. Ni sehemu ya matibabu ya mwanao. Kumpenyezea daktari nako ni upuuzi: ataisoma, atamgeukia Peniel na kumuuliza papo hapo mbele ya mkewe, na mwanao ataujua mwili wake kwa mara ya kwanza akiwa amekaa kwenye kiti cha kliniki. Unamtakia hilo?

Anza na Peniel, peke yenu, mchana. Mwili ni wake, yeye ndiye wa kwanza kujua. Mpe karatasi mkononi. Usimtupie marehemu lawama zote, sema "tulificha". Kisha mwambieni Yasinta pamoja. Kisha, wewe na Yasinta wawili tu, umwombe msamaha kwa kutaja ulichofanya: jina ulilomwita, dawa, yule binti mwingine. Usiseme "kama nilikukosea". Na wale wenzako wa kwaya uliowapitia mmoja mmoja, uwapitie tena mmoja mmoja.

Jambo jingine: usifike huko ukiwa umeshatoa hukumu kwa upande wa pili, kwamba sasa mwenye shida ni Peniel. Upasuaji uliochelewa unaweza kuharibu mbegu, unaweza pia usiharibu. Yasinta naye atapimwa. Wanaojua ni wapimaji, na hata wakikuta tatizo yapo mambo ya kufanya. Msigawane lawama kabla ya majibu.

*

Hayo juu nilimsomea mama huyu kwa simu siku ya Ijumaa, maana gazeti lingechelewa. Jumanne iliyofuata akanipigia. Nayaandika aliyonieleza kwa ruhusa yake, ya mwanawe na ya mkwe wake. Majina yote tumeyabadilisha.

Alimwambia Peniel Jumamosi. Kijana aliisoma karatasi mara mbili, akauliza, "Baba alijua?" Mama akasema, "Alijua. Na mimi nilijua." Peniel akapanda baiskeli akaenda kwenye mashine ya kukamua alizeti anakofanya kazi, akarudi jua linazama. Akasema neno moja tu, "Tumwambie."

Yasinta hakulia. Alimuuliza mama swali moja: "Zile dawa za mizizi, siku unaniletea, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Nisamehe, mwanangu."

Akainuka, akaingia chumbani kwake. Jumapili asubuhi alimletea mama uji kama kawaida, akauweka mezani, akaondoka bila kumwamkia. Mama akaniambia, "Mshauri, kwa miaka minane, hata siku zile ninamtukana, hajawahi kuacha kuniamkia." Jumatatu ikawa hivyohivyo. Mama akajifunga kitenge akaenda kwa wenzake wa kwaya, mmoja baada ya mwingine, na mkongojo wake, nyumba sita, akasema alichokwenda kusema. Mmoja alimcheka. Hakujali.

Jumanne Yasinta alikuja na uji, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akakaa. Akasema, "Bado nina hasira na wewe. Ila niliota nimetoka kwa daktari, ile benchi ya nje haina mtu. Tutakwenda wote."

Mama alipofika hapo hakunieleza zaidi. Alisema tu, "Nashukuru. Hata hasira yake nashukuru, kwa sababu ameniambia mwenyewe, hajaificha kama mimi."

Sasa sikiliza, mama, maana safari ni wiki ijayo. Usimwombe msamaha kila asubuhi, utamchosha. Umeshasema, sasa mwache akasirike kwa kipimo chake. Dawa za mizizi aziandike zote kwenye daftari, asizione aibu. Peniel awaulize kliniki siku ngapi akae bila kukutana na mkewe kabla ya kipimo cha mbegu, kwa kawaida ni siku mbili hadi saba, na wewe siku hizo usiulize wanalala vipi. Laleni Dodoma usiku wa kuamkia miadi, msifike mmechoka. Daktari akiwaita, wanaingia wawili; wewe unabaki nje. Wakitoka, usiulize "wamesemaje". Uliza kama wamekula. Kama watataka kukuambia, watakuambia, na kama watataka kunyamaza mpaka Singida, utanyamaza nao mpaka Singida.

Na ukiwa pale kwenye benchi, mama, usihame, hata ukibanwa na njaa. Yasinta akifungua ule mlango, akukute.