Akaunti ya Mama Oliva

Jumanne jioni, Ifakara

Nimeifunga. Nilikuwa naahirisha tangu masika.

Programu inayowatambua wanaoingia kwenye mtandao wa ofisi yetu ilikuwa na mwanya: nywila ya zamani ingeweza kumpitisha hata mtu wa nje. Leo nimeweka toleo jipya, lakini halisaidii kitu kama akaunti isiyo na mwenyewe inabaki wazi. Ilibaki moja tu, ya Mama Oliva wa masjala, tuliyemzika masika kijijini kwao Mbingu.

Enzi zake, kila aliyesahau nywila alikimbilia meza yake. "Ingia na yangu, mwanangu, kazi zisilale." Mpaka jana nusu ya ofisi walikuwa wanaingia kwa jina lake. Kila asubuhi nililiona kwenye kompyuta yangu, limewahi kazini kama alivyokuwa akiwahi mwenyewe. Nilijua ni hatari. Nikaliacha.

Saa nne Kaka Method wa stoo akaja amefura. "Wewe fundi, mbona Mama Oliva anakataa?"

"Mama Oliva alishafariki, kaka."

Nilidhani atanifokea. Akavua kofia, akaketi. Nikamfungulia akaunti yake mwenyewe. Akachagua nywila polepole, huku midomo ikicheza, kompyuta ikaikubali.

Nikamwambia asimpe mtu yeyote nywila hiyo. Ndiyo kanuni, na nimeiandika mwenyewe.

Alipofika mlangoni akageuka.

"Sasa nikisahau, nimfuate nani?"