Siku Thelathini za Mgongo wa Mama

Mama,

Nimekwenda kwa fundi kuchukua viatu vya Baba. Maharage yameiva, vyombo nimeosha. Usitafute kazi nyingine.

Asubuhi ulifungua daftari langu ukanuna: "Siku thelathini unachora, mimi ni mgongo tu? Sura yangu imekukosea nini?" Mama, mchoraji hana hatia. Kila nikishika penseli, wewe uko kwenye sinki, kwenye cherehani au kwenye kamba ya nguo. Baba ana sura kumi na mbili kwa sababu mchana halali chumbani, analala kwenye kochi.

Kwa heshima zote, unaamriwa kukaa dirishani saa kumi, kwa dakika ~~tano~~ ishirini, mikono mitupu. Jumatatu narudi bwenini, na siondoki na mgongo tu.

Kitindamimba wako