Risasi Haikuwa na Kosa

Mlandege, Iringa
2 Septemba 2024

Tata mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Iyunga na mguu umepoa. Mimi sijambo, ni baridi ya asubuhi tu inayonisumbua. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka wapangaji wenzangu wakatoka nje, na bado niliposema risasi wewe ulisikia harusi. Masikio yako uliyaacha kwenye bunduki, basi tuandikiane.

Nimehamishiwa kikosi cha kudhibiti wanyama wakali. Kuna nyati dume, mzee, ametoka hifadhini na kujificha kwenye matete ya mto karibu na kijiji cha Itwale, huko bondeni. Wiki iliyopita alimvunja mbavu mama mmoja, Paskalina, aliyekuwa anachuma mchicha. Kazi tumepewa mimi na Silvester, Mhehe mwenye miaka ishirini kazini. Yeye ana bunduki yake ya .375. Mimi nimeambiwa nichague ghalani kati ya .375 nyingine na .458. Nimeipenda .375, ila wewe ulikuwa bwana nyama miaka thelathini. Niambie unaonaje.

Ni mimi mwanao,
Esnath


Iyunga, Mbeya
6 Septemba 2024

Mwanangu Esnath,

Marahaba. Barua imefika, kondakta wa basi aliileta mwenyewe mpaka dukani kwa Yusta. Mguu unaendelea vizuri, mahindi nimeshapukuchua, na kanisani wanakusalimia.

Chukua .458. Usifikirie mara mbili. Risasi yake ina uzito wa gramu thelathini na mbili, ya .375 haifiki ishirini. Watu watakuambia .375 inaruka mbali na kwa unyoofu. Kweli, lakini nyati hapigwi mbali. Nyati unampiga ukiwa unaona kupe kwenye masikio yake, na hapo unataka kitu kizito kitakachovunja mfupa na kuendelea.

Kisa cha mwenzangu Amos unakijua, lakini nakirudia. Usangu, mwaka 1997. Nilimpiga dume begani kwa .375, pigo safi, na hakuanguka. Akaingia kwenye matete. Amos akakimbilia mbele bila kungoja amri yangu, nikamwita hakugeuka. Nilipomkuta alikuwa ameshakata roho. Tangu siku hiyo bunduki ile sikuishika tena. Ingekuwa .458, Amos angekuwa mzee kama mimi.

Baba yako,
Lutengano


Mlandege, Iringa
11 Septemba 2024

Tata,

Shikamoo. Nashukuru umeniandikia haraka. Habari za Yusta na wanawe? Mimi ni mzima, ila bega la kulia limevilia damu, na utaona sasa hivi kwa nini.

Jana tulikwenda kulenga shabaha. Kwa .375 nilipiga tano na zote tano zikaingia ndani ya duara la sahani. Kwa .458 nilipiga tano, mbili tu ndizo ziliingia. Ile bunduki inanisukuma kama mtu mwenye ugomvi. Baada ya risasi ya pili nikajikuta nafumba macho kabla sijavuta triga, na kila nikijikaza nisifumbe, mwili unakataa. Risasi nzito inayopita pembeni ina faida gani?

Silvester anasema .375 yenye risasi ngumu, ile isiyopasuka ncha, inamvuka nyati kutoka bega hili hadi lile. Ameona wengi. Nilipomsimulia habari za Amos akaniuliza: "Una hakika mzee alimpiga begani?" Nikamwambia nina hakika. Akasema nyati aliyepigwa hapo hafiki mbali.

Tata, usinielewe vibaya. Nauliza kwa sababu mimi ndiye nitakayeingia kwenye yale matete. Ulimpiga wapi hasa?

Mwanao,
Esnath


Iyunga
15 Septemba 2024

Esnath,

Nimeandika bega, ni bega. Ripoti ipo, niliisaini, wakubwa waliipokea. Huyo Silvester alikuwepo Usangu? Leo binti yangu ananihoji kama polisi kwa maneno ya mtu nisiyemjua.

Bega linazoea. Chukua .458 kama bado unasikiliza ninachokuambia. Kama husikilizi, usiniulize tena mambo ya bunduki.

Baba yako


Mlandege, Iringa
17 Septemba 2024

Tata,

Shikamoo. Sikukusudia kukuudhi. Nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nimejiona mkosefu.

Juzi yule nyati amemuua mtu, mzee Vitus, alipokuwa anafungulia maji shambani kwake. Mkuu amesema hatuwezi kungoja zaidi. Tunashuka Itwale Jumatatu.

Leo asubuhi nimesaini .458. Silvester alikataa mpaka akapandisha sauti, akasema bunduki ni ile inayoutii mkono. Nikamjibu, baba yangu ameniambia.

Niombee.

Mwanao,
Esnath


Iyunga
21 Septemba 2024, Jumamosi

Mwanangu,

Barua yako imefika leo saa tano. Nimemwomba Yusta akupigie, amepiga mara sita, hupatikani. Nimemwambia akutumie ujumbe: rudisha .458, chukua .375. Ametuma. Lakini najua utajiuliza sababu, na sababu sikuweza kuisema mbele ya Yusta. Barua hii inaondoka na basi la kesho alfajiri.

Sikumpiga begani.

Alikuwa amesimama hatua themanini, ubavu, nusu yake kwenye nyasi. Amos alikuwa pembeni yangu. Tukasikia gari la mkuu linakuja barabarani. Nilitaka wakubwa wakifika wakute nyati yuko chini na mimi nimesimama juu yake. Dume akaanza kutembea, nikavuta triga hivyo hivyo, akiwa anatembea. Nilimpiga tumboni. Nilijua papo hapo, sauti yake ni tofauti, kama kupiga gunia lililolowa. Hata mzinga usingemwangusha kwa pigo lile. Bunduki haikukosa kitu. Mimi ndiye niliyekosa.

Na Amos hakukimbilia mbele. Alisema tusubiri kwanza alale na jeraha. Mimi nikamwambia, kama unaogopa rudi kwenye gari. Akaniangalia, akaingia kwenye matete.

Kwenye ripoti niliandika kwamba risasi ya .375 ilikuwa dhaifu na marehemu aliingia bila amri. Baada ya hapo ilinibidi niichukie .375 mbele ya kila mtu, kila mwaka, mpaka nikaanza kuamini. Nilipoanza kupewa .458 nilifumba macho kama wewe. Sikumwambia mtu.

Mwanangu, usiingie kwenye yale matete kwa ajili ya uongo wangu. Chukua ile inayokutii. Piga akiwa amesimama. Ukimjeruhi, subiri, hata mkuu akikutukana.

Baba yako,
Lutengano


Iringa
4 Oktoba 2024

Tata,

Shikamoo. Mimi ni mzima, naanza na hilo kwa sababu najua hukulala. Silvester yupo hospitali, paja limevunjika na amefungwa chuma. Daktari anasema atatembea, kama ni kwa fimbo au bila fimbo hajui.

Hatukungoja Jumatatu. Nyati alionekana Ijumaa jioni karibu na shule, tukaondoka Jumamosi kabla ya jua. Bondeni hakuna mtandao. Ujumbe wa Yusta ulilia kwenye simu yangu Jumatano, nikiwa kwenye korido ya hospitali. Barua yako niliichukua ofisi ya basi siku iliyofuata. Ilikuwa imekaa hapo tangu Jumapili.

Nitakueleza ilivyokuwa, halafu sitaki kuieleza tena.

Tulimfuatilia siku tatu. Jumanne saa nne tulimkuta amesimama kwenye ukingo wa matete, hatua arobaini, ametugeukia ubavu, ametulia kabisa. Hakuna mtu angeomba nafasi nzuri zaidi. Silvester akaninong'oneza, "Polepole, mama." Nikalenga bega. Halafu nikafumba macho. Nilijua nafumba, Tata, na sikuweza kuzuia. Risasi ilipita chini, ikamvunja mguu wa mbele kwenye goti, na yeye akaja.

Mguu mmoja umevunjika na bado alikuja na mbio nisizoweza kuzieleza. Nilivuta boliti niingize risasi ya pili, ganda la ile ya kwanza likakwama kwa sababu boliti sikuivuta mpaka mwisho. Silvester akapita mbele yangu. Akapiga mara moja, akiwa hatua kama nane, kwa .375, katikati ya kifua kinapoanza shingo. Nyati alianguka akiwa bado anakuja, na uzito wake wote ukamkuta Silvester mguuni. Tulimchomoa mimi na wanaume wanne wa kijiji.

Watu wa Itwale walinipa mkono wa pongezi. Paskalina alikuja na mbavu zake zimefungwa, akanishukuru. Sikujua pa kutazama.

Mkuu alitaka ripoti. Mwenzangu mmoja ofisini akanishauri niandike kwamba ile .458 ni kuukuu na risasi zake zilikaa ghalani kwenye joto. Angenisaidia hata kupata saini. Barua yako ilikuwa mezani, nimeifungua. Nikaandika: nilifumba macho, nikapiga chini, risasi haikuwa na kosa, Silvester aliniokoa. Nimesimamishwa kubeba silaha mpaka nifanye mafunzo upya. Ni haki.

Silvester nilimsomea barua yako. Alisikiliza, akaomba maji, akanywa. Akasema: "Mimi namwonea huruma mke wa huyo Amos."

Mimi nina hasira na wewe. Sitaki kukudanganya kwa maneno mazuri ya barua. Nimekuwa nikijisifu kwa jina lako tangu chuo. Ungeniambia tarehe sita, Silvester angekuwa anatembea. Lakini pia ni kweli kwamba mtu mzima nilikuwa mimi, bega lilikuwa langu, na shabaha ziliniambia. Bado sijajua hasira iishie wapi na heshima ianzie wapi.

Damari, mke wa Amos, yupo hai? Anaishi wapi?

Esnath


Iyunga
27 Oktoba 2024

Mwanangu,

Ndaga kwa kuniandikia. Nimekaa na barua yako wiki tatu. Nimemwombea Silvester kwa jina kanisani na nitakuja Iringa kumwona, akikubali nije. Umwulize. Hasira yako sikuombi uipunguze.

Damari yupo Uyole. Nilijua siku zote yupo Uyole. Nilikuwa nikipanda basi la kwenda Tukuyu nageuza uso likipita hapo.

Nilikwenda jana. Alikuwa anaanika maharage. Amezeeka, lakini alinitambua, akanipa kigoda, akaniuliza habari za mguu. Nikamwambia nimekuja kusema jambo na nikimaliza anaweza kunifukuza. Nikasema lote, kama nilivyokuandikia, na zaidi. Sikujua kama ninapiga kelele au ninanong'ona, masikio yangu hayaniambii. Mkono wake uliendelea kuchambua maharage mpaka nilipofika pale nilipomwambia mumewe arudi kwenye gari. Hapo ukasimama.

Nilingoja anitukane. Akainuka, akasogea karibu na sikio langu, akasema taratibu, na nilisikia kila neno: "Mwanangu nilimlea nikimwambia asiwe na pupa kama baba yake."

Akaingia ndani, akatoka na daftari na kalamu. Akasema andika, weka tarehe, weka saini. Nikaandika kurasa mbili. Akazisoma zote kwa kidole. Halafu akampigia Ipyana, huyo mtoto wao, sasa ni mwalimu Kyela na ana watoto wake. Akamsomea. Mimi nilikuwa naona midomo yake tu.

Alipomaliza akashusha simu, akaniambia Ipyana ana swali moja. Anataka kujua baba yake alisema nini mwisho, kabla hajaingia.

Hilo sikuwahi kumwambia mtu, wala wewe sikukuandikia. Nilimwambia Damari. Amos alivua koti lake ili lisinase kwenye matete, akanikabidhi, akasema: "Kaa nyuma yangu hatua tano, Lutengano, na uwe upande wa kushoto, nisije nikakupiga." Nilikuwa nimetoka kumwita mwoga, na yeye alikuwa anafikiria nisiumie.

Damari alirudia maneno hayo kwenye simu. Akasikiliza muda mrefu. Kisha akaingia ndani na ile simu na kufunga mlango.

Nilibaki kwenye kigoda. Maharage yalikuwa yameanikwa uani na wingu lilikuwa linashuka kutoka mlimani, nikayakusanya kwenye turubai na kuyasogeza barazani. Alipotoka aliyaangalia, akaniangalia mimi.

"Nenda nyumbani," akasema. "Ipyana anakuja Jumapili ijayo. Na wewe uje."

Baba yako,
Lutengano