Mwezi Haukutoka Kwenye Picha

Mpendwa Mama,

Leo wingu limejikusanya upande wa ziwa, nami nimekukumbuka. Sijalia, nina kazi nyingi.

Unaikumbuka jioni ile mwezi ulipopatwa, miaka michache kabla ya Uhuru? Baba alikuwa akiwapiga picha wachimbaji wa dhahabu hapa Geita, wazitume kwao. Wewe tu ndiye ambaye hakuwahi kukupiga. Kila akikubembeleza ulimjibu, "Picha ni za watu waliosafiri, Baba Kabula. Mimi si nipo?"

Mwezi ulichomoza juu ya mapaa ukiwa umeshaanza kumegeka. Majirani walitoka na madebe wakayagonga ili urudi, huku radi ikinguruma nyuma yetu. Baba aliisimamisha kamera uani kwenye miguu yake mitatu, akalifungua jicho lake la kioo, akatukataza kuisogelea, maana picha ya gizani huchukua muda.

Wewe ulikuwa ndani ukifunika kioo cha kujitazamia, kama wafanyavyo wote mtaani mvua ikija, kwa kuwa radi hufuata kinachong'aa. Ukachungulia uani, ukaona kioo kingine, kile cha kamera, kiko wazi kabisa, kinautazama mwezi.

"Mayu, mama wee! Baba Kabula, unataka tuungue?"

Ukatoka mbio, kanga umeitandaza kwa mikono miwili. Umeme ukamulika, ua mzima ukawa mweupe. Ukaifunika kamera, ukapiga na fundo.

Baba aliifungua kanga kwa hasira. Alipoisafisha filamu hakuuona mwezi, akaitupia sandukuni bila kuitazama tena.

Ulipofariki, ndugu zako wa Mhunze waliomba picha yako, na mpiga picha mzima hakuwa nayo. Niliogopa, Mama. Sura yako ilikuwa imeanza kunitoka. Ndipo Baba akalikumbuka sanduku, akaitoa ile filamu, akaichapa kwenye karatasi. Ukatokea wewe, umemulikwa na ule umeme, umejaa picha nzima, kanga mikononi, mdomo wazi, unagomba. Baba alicheka, halafu akakaa chini akalia. Mimi nilikutazama tu mpaka nikatosheka.

Sasa uko ukutani kwangu, ndani ya fremu ya kioo. Wageni huniuliza unasema nini. Nawajibu kwamba unatuambia tufunike.

Matone yameanza kugonga bati. Naweka kalamu, Mama, nije nikufunike.

Mwanao,
Kabula