Baba na Chungu cha Ukweni

Mwamvua, uko hewani? Weka chini hiyo chai kabla hujapaliwa.

Bibi Esteri, mzaa mama, kafungua mdomo leo mezani. Sasa najua kwa nini baba yangu hagusi pombe ukweni!

Mwaka tisini na saba. Baba, bwana misitu kijana, katoka semina Dar kuhusu ule mkutano wa Kyoto wa hali ya hewa, moja kwa moja hadi Nyakitonto kupeleka posa. Pombe ya mtama kwenye chungu, mrija umesimama. Na unajua kwetu: wakwe ndio wanaoonja kwanza.

Mtu akamuuliza nchi maskini zinadai nini huko. Mungu wangu. Baba akashika mrija!

"Matajiri walianza hivi." Akavuta. "Wakachafua hewa miaka na miaka." Akavuta. "Leo wanataka sote tupunguze sawasawa, tena wao kwa hiari yao, bila kupangiwa tarehe!" Akavuta, jasho linamtoka kwa hasira za wanyonge. "Aliyekunywa ndiye atangulie kujaza, na sisi tuliochelewa atusaidie!"

Mrija ukakoroma.

Chungu KIKAVU, Mwamvua. Chungu cha posa! Wakwe hawajalamba hata tone.

Baba akautazama ule mrija kama vile ni wa mtu mwingine.

Bibi akasema polepole, "Tumekuelewa, mkwe. Aliyekunywa ndiye atangulie kujaza. Sasa chungu kingine unatuletea lini?"

Unajua alijibu nini? Huyo huyo mtetezi wa maskini?

"Nitaleta, mama. Ila iwe kwa hiari yangu, nisipangiwe tarehe."